Asipokuwa na Mpira Mkononi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Tanga, nasoma takwimu mwaka wa tatu katika chuo kimoja huku Marekani, majimbo ya katikati. Timu yetu ya kikapu ya wanawake imenichukua kuwa mwanafunzi msaidizi. Narekodi mazoezi, nakata vipande vya video, najaza karatasi za takwimu, na siku nyingine nabeba maji. Kazi hii naipenda kuliko masomo yenyewe, na ningetaka siku moja niwe msaka vipaji wa timu ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake.

Mwezi uliopita kocha msaidizi aliniagiza nimwandikie majina kumi ya wachezaji wa konferensi yetu ambao ningewapeleka kwenye drafti, siku timu za WNBA zinapochagua wachezaji wapya. Nikakaa na namba zangu, nikapanga. Wa kwanza niliyemweka ni msichana wa chuo jirani anayefunga pointi 24 kwa mechi. Kocha alichukua kalamu akafuta majina saba, la huyo likiwamo. Kisha akanitajia msichana ambaye sikumwandika kabisa, wa pointi tisa, akasema, "Huyu labda." Nilipouliza kwa nini, aliniambia nirudi nikatazame. Nimetazama mpaka macho yanauma. Yule anafunga, huyu hafungi. Nisichokiona ni nini?

La pili ni zito zaidi. Ninaishi chumba kimoja na mchezaji wa timu yetu ambaye anamaliza chuo mwaka huu. Anajua kwamba naandika ripoti. Karibu kila usiku ananiuliza, "Nitachaguliwa?" Moyoni naona hapana. Ni rafiki yangu, ndiye aliyenipokea nilipofika huku sijui mtu. Nimwambieje?

Binti wa Tanga


Marahaba, mwanangu.

Kocha wako amekufanyia wema, ingawa angeweza kukufafanulia kidogo. Nianze na viti, maana orodha yako uliipanga kana kwamba WNBA ni zawadi ya kumaliza chuo vizuri. Ni ajira, na ajira zenyewe zinahesabika.

Mwaka 2024 ligi ilikuwa na timu 12, na timu haikuruhusiwa kuzidisha wachezaji 12. Hivyo vilikuwa viti 144 kwa ligi nzima, na havikujaa vyote, kwa kuwa timu kadhaa zilibaki na wachezaji 11 ili zisivuke ukomo wa mishahara. Drafti ya mwaka huo ilichagua wachezaji 36. Vyuo vya daraja la kwanza vyenye timu ya wanawake ni zaidi ya 350. Na waliokwisha kukalia viti hawainuki upesi: Diana Taurasi alichaguliwa wa kwanza mwaka 2004, akastaafu Februari 2025. Ni kweli kwamba ligi inapanuka. Golden State Valkyries waliingia mwaka 2025, na Toronto na Portland zikapewa nafasi ya kuanza mwaka 2026. Lakini hata ukiongeza viti hivyo, mlango bado ni mwembamba.

Tena kuchaguliwa Aprili si kuajiriwa. Mwaka 2025 drafti ilifanyika tarehe 14 Aprili, kambi za mazoezi zikafunguliwa tarehe 27, ligi ikaanza tarehe 16 Mei. Katika majuma hayo machache, kila mwaka, wasichana waliopigiwa makofi jukwaani hufungasha mizigo yao. Charli Collier alikuwa chaguo la kwanza kabisa mwaka 2021. Dallas Wings walimwacha kabla msimu wa 2023 haujaanza. Chaguo la kwanza, mwanangu, si la thelathini.

Basi msaka vipaji hajiulizi nani bora chuoni. Anajiuliza ni nani atakayemnyang'anya kazi mwanamke wa miaka 28 ambaye kazi hiyo anaifanya leo, anaijua, na ana watoto wa kulisha. Ukilishika swali hilo, yule wa pointi 24 na huyu wa pointi tisa wataanza kuonekana tofauti.

Wewe ni wa Tanga, umeona shughuli za harusi. Wanawake ishirini wamekusanyika jikoni, na kila mmoja kwake ni mpishi mkuu. Siku hiyo mwenye kushika mwiko wa sufuria kubwa ni mmoja. Wengine wanachambua mchele, wanakuna nazi, wanakaa na moto. Anayealikwa tena ni yule ambaye nazi zake zilikuwa tayari kabla hajaulizwa. Msichana wa pointi 24 ameshika mwiko tangu akiwa na miaka kumi na minne. Akifika timu ya Las Vegas, mwiko uko kwa nyota wao, A'ja Wilson. Je, yeye atafanya nini?

Hili si la kumdharau mfungaji. Kelsey Plum aliondoka chuo cha Washington mwaka 2017 akiwa na pointi 3,527, rekodi ya kikapu cha wanawake cha vyuo vya NCAA kwa wakati ule. Alichaguliwa wa kwanza. Msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa pointi 8.5. Aliyekuwa na mpira usiku kucha chuoni alilazimika kujifunza kucheza pembeni ya wengine, na mwaka 2021 alipata tuzo ya mchezaji bora anayetokea benchi. Baadaye akawa nyota kwelikweli na akabeba ubingwa wa 2022 na 2023. Lakini tazama njia aliyopita: bingwa wa rekodi alipitia benchi. Kama huyo alipitia, wa kwenu atapita wapi?

Sasa tuhesabu, maana wewe ni mtu wa takwimu na sitaki nikuhubirie tu. Chukua pointi za mchezaji, uzigawe kwa mara mbili ya jumla hii: mitupo yake ya kawaida, ukijumlisha mitupo yake huru iliyozidishwa kwa 0.44. Hapo unapata kipimo cha utupaji chenye kuhesabu pointi tatu na mitupo huru kwa pamoja. Tuseme mfungaji wako anapata pointi 24 kwa mitupo 22 na mitupo huru 6. Jibu ni karibu asilimia 49. Tuseme huyu wa pili anapata pointi tisa kwa mitupo sita na mitupo huru miwili. Jibu ni asilimia 65. Kila mpira unaopita kwa mfungaji wako unaigharimu timu yake, ila hakuna anayeona, kwa sababu chuoni kwao hakuna mwingine wa kutupa.

Usikimbilie kushangilia hesabu hiyo, nayo ina hila yake. Anayetupa mara sita huchagua mitupo mepesi, anayetupa mara 22 hulazimika kubeba na ile mibaya ambayo saa imekaribia kwisha. Ndiyo maana namba hukuonyesha tu mahali pa kutazama, kisha unafungua video. Kwa mfungaji wako, tafuta mambo mawili. Kwanza, mitupo yake inatoka wapi, na nani alikuwa mbele yake? Konferensi ndogo zina walinzi wafupi na wazito wa miguu, na mtupo wa kurudi nyuma dhidi ya msichana wa sentimita 170 si mtupo uleule mlinzi akiwa na 188 na mikono mirefu. Pili, na hili ndilo kubwa, anafanya nini asipokuwa na mpira mkononi? Anasimama ameshika kiuno? Anakwenda kona kumfungulia mwenzake njia? Anakimbia kurudi kulinda? Chukua robo moja ya mchezo, zima sauti, usiufuate mpira hata kidogo, mtazame yeye peke yake. Nina hakika ndilo alilotaka kocha aliposema urudi ukatazame.

Halafu fanya hivyohivyo kwa msichana wa pointi tisa. Mimi simjui, lakini namjua wa aina yake. Pengine utaona kwamba mwenzake anapopitwa, yeye tayari amefika. Pengine anapokumbana na skrini, yaani mpinzani aliyesimama kumzibia njia, hupita juu yake bila kupotea, tena na tena, na mpinzani anaishia kutoa pasi ya hofu. Pengine mdomo wake haufungi: anawaambia wenzake skrini inatokea upande gani. Hayo hayana safu kwenye karatasi unayoijaza. Ukiwa na muda, iongeze.

Kuna mambo husafiri kutoka chuoni kwenda ligi, na mengine hubaki bandarini. Ribaundi husafiri. Angel Reese alipotoka LSU mwaka 2024 wengi walisema ni mfupi kwa kucheza chini ya kikapu na hatupi vizuri akiwa mbali. Akachaguliwa wa saba na Chicago Sky. Msimu huohuo wa kwanza alipata ribaundi 13.1 kwa mechi, na wakati huohuo mitupo yake iliingia chini ya asilimia 40. Yaani waliotilia shaka utupaji wake hawakukosea, na waliomchukua hawakukosea. Walijua wananunua nini. Kupokonya mpira nako husafiri kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa kunatokana na mikono, macho na kuwahi. Pasi husafiri ikiwa aliitoa akiwa amebanwa. Kufunga ndiko kunakosumbua.

Caitlin Clark ni mfano ambao kila mtu anautaja, na karibu kila mtu anautaja vibaya. Dunia iliona pointi 3,951 alizofunga akiwa Iowa na mitupo ile ya kutoka karibu na nembo ya katikati. Anayetafuta vipaji alipaswa kuona asisti. Msimu wa 2021-22 aliongoza daraja la kwanza zima kwa pointi na kwa asisti, jambo ambalo mwanamke mwingine hakuwahi kulifanya katika msimu mmoja. Alipofika Indiana Fever mwaka 2024 aliongoza WNBA kwa asisti, 8.4 kwa mechi. Alipoteza mpira pia mara 223, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika msimu mmoja wa ligi hiyo. Hayo nayo yalikuwa kwenye video za chuo kwa aliyetaka kuyaona: pasi ileile ya kuthubutu inayofika chuoni, kwenye ligi hukutana na mkono mrefu zaidi. Ripoti nzuri juu yake ingeandika yote mawili kwa pumzi moja, kisha ingesema bado mchukue wa kwanza.

Kanuni nazo zinabadilisha mchezaji, na wengi wanaoandika orodha wanazipuuza. Chuoni timu ina sekunde 30 za kutupa, kwenye WNBA ni 24. Msichana anayependa kudunda, kufikiri, kudunda tena, atakuta saa imemwishia. Kwenye ligi, mlinzi haruhusiwi kuketi chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu, chuoni anaruhusiwa. Kwa hiyo senta mrefu anayeonekana ukuta chuoni, kwa sababu kocha wake amempanda pale chini kama mnazi, atalazimika kutoka na kukimbizana na watu wepesi. Hapo ndipo unapotazama miguu yake, si urefu wake. Mstari wa pointi tatu, kwa bahati nzuri, sasa umekaribiana sana: tangu msimu wa 2021-22 wanawake wa vyuo hutupa kutoka mita 6.75 kama wenzao wa ligi. Ukikuta asilimia nzuri za mwaka 2019, kumbuka mstari ulikuwa karibu zaidi. Na kama mchezaji hajatupa pointi tatu nyingi, angalia mitupo yake huru. Hapo hakuna mlinzi, hakuna haraka, kuna mkono wake tu. Msichana wa asilimia 85 kwenye mitupo huru anaweza kufundishwa kutupa kutoka mbali. Wa asilimia 58 simwekei matumaini makubwa, hata kama mwezi huu imemwingia.

Na wewe uko konferensi ndogo, kwa hiyo nina neno kwa ajili yako hasa. Mtihani wa wachezaji wenu hauko Februari, mnapocheza ninyi kwa ninyi. Uko Novemba na Desemba, wakati vyuo vidogo vinapokwenda kucheza ugenini na vyuo vya konferensi kubwa kama SEC, Big Ten na ACC. Kocha mkuu wa timu ndogo huzikubali mechi hizo kwa fedha na kwa uzoefu, na mara nyingi hufungwa kwa pointi thelathini. Usiangalie matokeo. Nenda kachukue video hizo. Mfungaji wako wa pointi 24 alifanya nini mbele ya wasichana wanaolingana na wale atakaokutana nao? Alipobanwa na watu wawili alitoa pasi au alilazimisha? Alipopoteza mara tano mfululizo, je, ya sita aliitaka au aliukimbia mpira? Mechi moja ya aina hiyo ina habari kuliko kumi za nyumbani. Tazama hasa mechi yake mbaya kuliko zote. Nzuri yake wakala wake atakuonyesha bila kuombwa.

Umri uandike kila mara. Kwa jinsi wachezaji wanavyohama vyuo na kukawia chuoni siku hizi, utakuta mwanamke wa miaka 23 au 24 anawatesa watoto wa miaka 18, na takwimu zinamfanya aonekane malkia. Kutoka nje ya Marekani mchezaji anaweza kuchaguliwa mwaka anaotimiza miaka 20. Dominique Malonga, mzaliwa wa Yaoundé aliyekulia Ufaransa, alichaguliwa wa pili na Seattle Storm mwaka 2025 akiwa na miaka 19. Orodha yako ya konferensi haishindani na konferensi peke yake.

Lakini umri wa cheti na umri wa kikapu ni vitu viwili. Tuna mfano jirani. Madina Okot wa Kenya hakukulia kikapu kama wasichana wa Marekani wanaoanza wakiwa na miaka saba. Alipita chuo cha Zetech, akaenda Mississippi State, na mwaka 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, ambako hakuna anayepewa nafasi kwa kuonewa huruma. Mtu wa namna hiyo usimpime kwa alipo tu. Pata video ya mwanzo wa msimu na ya mwisho, uone amejifunza nini katikati. Anayejifunza upesi ana thamani ambayo wastani wa pointi hauionyeshi.

Sisi Watanzania somo la urefu tulilipata mapema. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika drafti ya NBA ya mwaka 2009, akitokea Connecticut, urefu wake mita 2.21. James Harden alifuata wa tatu, Stephen Curry akawa wa saba. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Chuoni alizuia mitupo kwelikweli, hakuna aliyedanganya. Swali ambalo Memphis, waliomchagua, walipaswa kulikazania ni atafanya nini wapinzani wakimvuta mbali na kikapu, na kabla msimu wa kwanza haujaisha walimpeleka ligi ya chini akajinoe. Kijana hakuwa na kosa. Waliomsoma waliisoma namba moja mno.

Namna ya kuandika. Ripoti ya mchezaji mmoja isizidi ukurasa, na sentensi ya kwanza itaje kazi: "Mlinzi wa pembeni, wa kutokea benchi, kwa dakika 12, atakayemkaba mtupaji wao bora na kutupa kutoka kona." Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, huna mchezaji, una shabiki mwenye kalamu. Epuka "ana moyo", "ni mpambanaji", "ana kipaji cha asili". Andika ulichokiona: robo ya tatu, mara nne, alirudi kulinda wa mwisho. Na usimfananishe na nyota yeyote, kwa sababu msomaji ataanza kumtazama nyota huyo badala ya msichana aliye mbele yake.

Kwenye miili ya wanawake uwe na adabu. Pima urefu, pima upana wa mikono, andika kasi na nguvu. Maneno ya umbo, ya sura, ya nani anatoka na nani, hayana nafasi kwenye ripoti, na wapo wanaume wazima katika kazi hii ambao bado hawajalijua hilo. Majeraha nayo yana heshima yake. Goti limewaangusha wengi katika mchezo huu, lakini Paige Bueckers alichanika kano ya goti mwaka 2022, akakosa msimu mzima, na mwaka 2025 Dallas walimchagua wa kwanza. Andika kwamba aliumia na alirudi vipi. Yaliyobaki ni ya daktari. Ulichokisikia chumba cha kubadilishia nguo kiache hukohuko.

Jambo dogo kabla sijaenda kwa rafiki yako: uliza pia kama mchezaji atakuja kabisa. Mshahara wa chaguo la kwanza mwaka 2024 ulikuwa dola 76,535 kwa mwaka, na wakati huo mchezaji mashuhuri wa chuo aliweza kuvuna zaidi kwa matangazo akiwa bado darasani. Olivia Miles angeweza kuingia drafti ya 2025. Akahama Notre Dame, akaenda TCU, akacheza mwaka mwingine.

Sasa huyo mwenzako wa chumbani.

Usimdanganye, na usimhukumu. Hayo mawili yanawezekana pamoja. Kwanza, ripoti unazoandika ni mali ya timu, kwa hiyo usimwonyeshe hata mstari mmoja, wala usijifanye huna ulichoandika. Mwambie waziwazi, "Dada, kazi yangu hainiruhusu kusema yaliyo kwenye karatasi, na kwa wewe hasa macho yangu yana upendeleo." Kisha umpeleke kwa anayejua. Timu za WNBA hupigia simu makocha wakuu. Kama kuna inayomtaka, kocha wenu anajua. Kama hadi mwishoni mwa Machi hakuna aliyeuliza habari zake, hilo nalo ni jibu, na ni bora alisikie kwa kocha ofisini kuliko kwako usiku taa zimezimwa.

Akikung'ang'ania, maana atakung'ang'ania, usimjibu "ndiyo" au "hapana". Mjibu kuhusu kazi. "Ukienda kambini kesho, ni kazi gani utakayoifanya vizuri kuliko mtu aliyepo?" Mwache alijibu mwenyewe. Wachezaji wanajijua kuliko tunavyodhani. Wengi huuliza "nitachaguliwa?" wakiwa tayari wana jibu, wanatafuta mtu wa kukaa nalo. Kama ndivyo kwa rafiki yako, kaa nalo.

Mweleze pia mambo ambayo huenda hakuna aliyemweleza. Anayemaliza miaka yake yote ya kucheza chuoni huingia kwenye drafti moja kwa moja, hana fomu ya kujaza. Asipoitwa usiku ule, yuko huru kusaini mkataba wa kambi na timu yoyote itakayomtaka, ilhali aliyeitwa wa mwisho amefungwa na timu moja, ambayo pengine katika nafasi yake ina watu watano. Kuna wakati kutoitwa ni afadhali. Na kuchelewa kuitwa si mwisho wa kitu: Crystal Dangerfield, mwenye sentimita 165, aliitwa wa 16 mwaka 2020 na akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi, wa kwanza wa raundi ya pili kupata tuzo hiyo. Miaka miwili baadaye Minnesota walimwacha, akaenda kutafuta timu nyingine. Mwambie sehemu zote mbili za habari hiyo.

Becky Hammon utamtaja, najua, kwa sababu kila mtu humtaja. Hakuchaguliwa mwaka 1999, akacheza misimu 16, na mwaka 2023 akaingia kwenye jumba la heshima la kikapu. Ni kweli tupu. Ila mwaka ule ligi shindani ya ABL ilikuwa imetoka kufa, na wachezaji wake wazoefu wakafurika kwenye drafti wakajaza nafasi za wasichana wa vyuo. Usimpe rafiki yako habari ya Hammon kama dawa ya kumtuliza. Anastahili ukweli wenye faida zaidi, nao ni huu: wanawake wengi wanaoishi kwa kikapu hawaishi kwa WNBA. Kuna Uturuki, Hispania, Italia, Ufaransa, Australia. Kuna mishahara inayolipa kodi ya nyumba, na kuna klabu zinazochelewesha mishahara miezi mitatu, kwa hiyo atafute wakala anayeweza kumuunganisha na wachezaji aliokwisha kuwapeleka huko, na anayedai fedha kabla ya kumpatia kazi akimbiwe. Wewe unaweza kumsaidia kwa kitu unachokijua: mkatie video ya dakika nne, si ya mitupo yake mizuri tu, bali ya ulinzi, pasi, na kurudi nyuma akiwa amechoka. Makocha wa Ulaya huitazama hiyo. Na muulize leo kama ana pasipoti. Utashangaa ni wangapi wanaofika Mei hawana.

Orodha yako iandike upya, safari hii majina matatu tu, na kila jina na sentensi yake moja ya kazi. Usiniletee mimi. Mpelekee kocha wako, ukiwa na video za Novemba mkononi, na kama bado unaamini mfungaji wa pointi 24 anastahili kuwamo, mtetee mbele yake. Huenda ukawa sahihi.